Kambu Walipochelewa Port Reitz

Treni iliyonileta pwani niliipanda Bungoma, nikiwa na sanduku la bati, shuka mbili na kuku wa kuchemsha ambaye mama alimfunga kwa majani ya mgomba anifae mpaka Mombasa. Kuku aliishia Nakuru. Nairobi nikabadilisha behewa, nikakaa kwenye benchi la mbao kati ya mwanamke mwenye gunia la viazi na mwanamume aliyelala kabla treni haijaondoka. Nilikuwa nimemaliza kidato cha pili, nimeshindwa kukaa nyumbani, na sikujua ninakwenda kufanya nini zaidi ya kwenda. Watu wa kwetu husema miguu yangu ilizaliwa siku moja kabla yangu.

Kulipokucha tulikuwa tumeipita Voi. Nikafungua dirisha, vumbi likaingia, na nyuma ya vumbi nikaona nyaya za simu zinazoandamana na reli zimejaa ndege. Walikuwa wakubwa kidogo kuliko njiwa, kichwa na kifua rangi ya samawati, mgongo wa hudhurungi, na kila injini ilipowakaribia waliruka wakafungua mabawa ya buluu kali, hata nikasahau njaa. Nguzo baada ya nguzo, nao hawaishi. Nikamwamsha yule mwanamume.

"Samahani, mzee. Hawa ni nini?"

Akafungua jicho moja, akatazama nje. "Ndege," akasema, akalala tena.

Naandika haya kwa ajili yenu vijana mnaofukuza ndege katika viwanja vya eropleni siku hizi, mkiwa na magari na redio za mkononi. Nimestaafu juzi juzi, nina miaka arobaini na kitu, mapema kuliko ilivyolazimu, kwa sababu ile ile iliyonipandisha treni Bungoma. Vyeo na mishahara sitaviandika. Vyeo vilichelewa kuja, mishahara iliwahi kwisha, na sote tumeshasameheana. Nitaandika juu ya miaka yangu ya kwanza, pale Port Reitz, tangu mwisho wa miaka ya hamsini mpaka uhuru, kwa kuwa yote niliyoyajua katika viwanja vingine niliyajua pale kwanza. Na nitasema eropleni, kama tulivyosema wakati ule, ili neno ndege libaki kwa wenyewe wenye manyoya.

Nilishuka Changamwe, ambako mjomba wangu alikuwa akifanya kazi kwenye matangi ya mafuta. Chumba chake kilikuwa na vitanda viwili na watu watano, kwa hiyo tulimpenda sana yeyote aliyepangwa zamu ya usiku. Baada ya majuma machache ya kubeba magunia, mjomba akasikia kwamba uwanjani Port Reitz wanatafuta kijana mwenye mbio na macho mazuri. Nikaenda. Mzungu aliyekuwa akiongoza eropleni kutoka mnarani, ambaye sisi tulimwita Bwana Mnara, akanitazama miguu kwanza, kisha uso.

"Kazi ni kufukuza ndege," akasema kwa Kiswahili chake kilichonyooka kama rula.

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanionyesha kwa kidole mzee mmoja aliyekaa juu ya debe kwenye ukingo wa barabara ya eropleni, kofia ya vito kichwani, akitazama juu ambako mimi sikuona kitu.

Huyo ndiye Mzee Bakari, Mdigo wa Likoni, mwalimu wangu. Nikamwendea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiwe wa bara?"

"Ndiyo, mzee. Naitwa Wekesa."

"Huko kwenu mwala kumbikumbi?"

Nilidhani ananitania, kisha nikamjibu kwa adabu kwamba tunawala, na wakikaangwa vizuri hakuna kitoweo kinachowashinda.

"Basi kazi hii utaijua upesi," akasema. "Hao ndege nao ni watu wa bara. Wala kile kile."

Nilivyokuja kujua, hayo yalikuwa nusu ya elimu yote. Nusu ya pili ilinichukua miaka.

Vyombo vyetu vilikuwa debe la mafuta ya taa na fimbo ya mkwaju ya kulipigia, bendera mbili, nyeupe na nyekundu, bastola ya fataki ambayo Bwana Mnara aliitoa kwa uchungu kama anang'olewa jino, na darubini yenye kioo kimoja kizima. "Darubini hii ni ndugu yangu," Mzee Bakari alikuwa akisema. "Na mimi jicho moja limeanza kuingia ukungu." Nilidhani na huo ni utani.

Siku ya kwanza nilifanya kosa ambalo kila mgeni hulifanya. Niliona yangeyange wametua katikati ya barabara, nikawakimbilia moja kwa moja huku napiga kelele. Wakaruka, wakazunguka, wakatua nyuma yangu. Nikageuka nikawakimbilia tena. Wakarudi pale pale mwanzo. Mzee Bakari aliniacha mpaka nilipokuwa nahema kama mbwa.

"Umemaliza salamu?" akaniuliza. "Haya, sasa ndoo tufanye kazi."

Akanionyesha. Ndege huondoka akielekea upepo unakotoka. Kwa hiyo zunguka kwanza, mwachie mlango, ndipo upige debe. Usimtoe pale unapotaka atoke, mtoe kwenda kule unakotaka aende. Na fataki usiipige ila umeshindwa na mengine yote. "Ndege ni kama mtoto mdogo," alisema. "Ukimpigia kelele kila saa, atajifunza kulala ndani ya kelele." Nimewaona baadaye mabwana wenye mashine za kulipua mizinga kila robo saa, na ndege wamekaa juu ya mashine.

Kuua alikataa kabisa. Si kwamba alikuwa na moyo wa kupendapenda ndege. Alikuwa akiwatukana kutwa. Alikuwa na sababu ya kikazi: ndege aliyekufa huleta mwewe na kunguru, ukaondoa mmoja ukaletewa kumi. Na sababu ya pili aliisema kwa sauti ya chini: "Hawa wasafiri. Msafiri hapigwi."

Maana sehemu kubwa ya kazi yetu ilikuwa juu ya wasafiri. Kunguru na yangeyange ni wenyeji, wanajua zamu zetu kuliko sisi wenyewe. Lakini tangu Machi mpaka masika yaive, anga ya Mombasa hupitiwa na wanaorudi kaskazini, na hapo ndipo Mzee Bakari aliposimama kutoka kwenye debe lake akawa mtu mwingine. Alikuwa na habari kutoka kila upande wa Mombasa. Likoni alikuwa akiishi mwenyewe, na mabaharia wa feri walimpa taarifa kabla ya salamu kwisha. Kisauni kulikuwa na mchuuzi wa samaki wa Junda aliyefika kwetu kwa baisikeli. Mazungumzo yao yalikuwa hivi kila asubuhi:

"Hujambo?"

"Sijambo. Watu wa nyumbani?"

"Wazima. Junda wamepita?"

"Keremu tu, juu sana. Kambu bado."

"Basi leo ni zamu yetu."

Na kweli, kabla ya adhuhuri utawasikia keremu, wale wembamba wala nyuki, wakipita juu huku wakiitana kwa sauti kama mluzi wenye maji ndani yake. Huwaoni, wawasikia. Kisha kambu, wale wale wa nyaya za Voi, mistari mirefu iliyolegea, bawa zito, kama watu wanaorudi sokoni wasio na haraka. Wengi wao walikata juu ya Likoni, wakavuka maji, wakatupitia sisi, wakashika njia ya Junda na kwenda zao. Mbayuwayu walipita chini kabisa, kimo cha goti. Kando ya maji, kwenye matope chini ya mikoko ya Port Reitz, vitwitwi waliokuwa wa kijivu miezi yote waligeuka wekundu kama matofali, wakala siku nzima bila kuinua kichwa, na jioni moja wakaondoka wote. Nilikuwa narudi Changamwe shingo inaniuma kwa kutazama juu, na chumbani nawasimulia wenzangu mpaka mjomba ananirushia kiatu.

Kwa nini furaha ile yote, wakati kazi yangu ilikuwa kuwafukuza? Sijui. Nadhani mtu asiyetulia hufurahi kuona kwamba hayuko peke yake.

Kuna jambo moja Mzee Bakari alinionyesha masika yangu ya kwanza. Vitwitwi walipokwisha kuondoka, wachache walibaki matopeni, bado wa kijivu.

"Hawa wamechelewa?" nikamuuliza.

"Hawa hawaendi. Kila mwaka wako wabakiao. Wengine wangali wadogo, wengine sijui kimewashika nini. Wenzao waenda, wao wala matope." Akawaelekezea fimbo yake. "Hao ndio mimi, mwanangu."

Nikaja kuelewa baadaye. Mzee Bakari alikuwa akitaka kwenda Hijja tangu alipoanza kazi ile. Safari ya kwanza nafasi yake alimpa mama yake, akaenda kwa meli akarudi. Safari ya pili mkewe aliugua wakati mizigo imeshafungwa, akaifungua. Miaka ikapita, wengine wakapita. Ila sasa ule ukungu wa jicho haukuwa utani tena. Jicho la kushoto lilikuwa limefungika kabisa na la kulia limeanza. Masika yangu ya nne pale, alikuwa akiniambia ndege gani anapita kwa sauti yake, nami namthibitishia kwa macho. Tulikuwa tumegeuka darubini moja, kioo kizima nikiwa mimi.

"Mwaka ujao nenda, mzee," nilimwambia.

"Niende nikaone nini, ikiwa sioni?" akajibu. "Ni mwakani au basi. Nataka niione Kaaba kwa jicho, si kusimuliwa na mtu wa kando yangu."

Na ukafika mwaka huo, ambao ndio ulikuwa wa uhuru. Msimu wa Hijja uliangukia masika. Mahujaji wa Likoni na Mombasa walikodiwa eropleni ya aina ya Dakota iwapeleke mpaka Adeni, na kutoka Adeni kulikuwa na nyingine ya kuwavusha Jidda asubuhi ya pili. Ile ya Adeni haimngoji mtu. Ndiyo ya mwisho, baada yake milango imefungwa. Rubani wa Dakota akasema wazi kwamba ni lazima aondoke kabla ya saa sita mchana ili afike kwa mwanga. Akipitisha hapo, haondoki siku hiyo. Kila mtu uwanjani alilijua hilo, tangu Bwana Mnara mpaka Mama Nafula.

Mama Nafula alikuwa mama wa kwetu, mke wa mfanyakazi wa mafuta, aliyekuwa akitupikia chakula kwenye kibanda nje ya lango. Yeye na Mzee Bakari walitaniana kila siku ya Mungu. Mzee alipita kibandani akiziba pua.

"Mama Nafula, leo watukaangia mende?"

"Njoo uonje, Mdigo. Utaacha samaki."

"Na dini yangu niiweke wapi?"

"Iweke hapo kwenye benchi, ukimaliza kula utaikuta."

Siku mbili kabla ya safari mvua ilinyesha kwa nguvu. Asubuhi ya safari likatoka jua kali, nchi ikafuka. Mnaoijua kazi hii mmeshajua kinachokuja.

Mahujaji walifika na mabasi mawili ya watu wa kuwasindikiza. Kina mama wa buibui, wazee wa kanzu, watoto, kaswida, ubani, mtu analia, mtu anatafuta kiatu cha mtoto. Mzee Bakari hakukaa nao. Akanifuata mpaka ukingoni mwa barabara na kanzu yake mpya, akaligusa debe kwa ncha ya kidole.

"Nimekuja kuliaga," akasema. "Wamepita wote?"

"Mchuuzi wa Junda hajaona kambu siku nne. Nadhani wamekwisha."

Akatikisa kichwa. "Mimi leo sikutazama, nilishikwa na watoto. Lakini nilipokuwa natoka feri wale mabaharia wakanipigia kelele: Bwana Bakari, wageni wako wako juu! Wengi, wasema. Wengi kuliko walivyoona mwaka huu." Akatabasamu. "Wamechelewa kama mimi."

"Watapita juu kwa juu, mzee. Hawana sababu ya kushuka."

"Inshallah wasiipate," akasema, akaniombea dua, nami nikamwombea kwa namna yangu, akaenda kujiunga na wenzake.

Dakota ilikuwa imesogezwa, ngazi imewekwa, na mahujaji wameanza kupanda, nilipousikia ule mdundo. Kifua changu kiliutambua kabla ya masikio. Ulitoka upande wa magharibi, kule barabara ya eropleni inakoishia: fimbo nyingi juu ya ardhi, haraka haraka, bila kukoma, kama mvua ya mawe juu ya mabati. Kwetu hakuna mtoto asiyeujua. Mvua ikisha kunyesha na jua likatoka, watu hukizunguka kichuguu, wakaipiga nchi kwa vijiti kuigiza mvua nyingine, na kumbikumbi waliokuwa tayari ndani hudanganyika wakatoka.

Nikakimbia. Mama Nafula na kina mama sita au saba wa Changamwe walikuwa wamepiga magoti kukizunguka kichuguu kikubwa hatua chache kutoka mwisho wa barabara, wanapiga na kuimba. Kumbikumbi walikuwa wakitoka kama moshi wa tanuru. Na juu ya moshi ule, Mungu wangu, kambu walikuwa wakishuka.

Sijawahi kuona tena kitu kama kile. Mistari yote ile iliyotoka Likoni, iliyokuwa ikienda zake, ilivunjika. Walijipindua, wakaanguka, wakajiokota hewani, buluu juu ya buluu, huku wakikoroma kwa zile sauti zao za kukwaruza. Kozi wadogo wenye miguu myekundu waliwapita katikati kama mishale. Keremu walikuja kutoka sijui wapi. Kwa muda nilisimama na debe mkononi, mdomo wazi, nikaingiwa na kumbikumbi mdomoni. Kisha nikasikia injini ya kwanza ya Dakota inaunguruma nyuma yangu.

Nikapandisha bendera nyekundu. Injini ikazimwa. Landrova ikaja mbio, Bwana Mnara akashuka na bunduki ya marisau.

"Nitapiga," akasema.

"Ukipiga, wataondoka wachache na kurudi wote. Chakula kiko hapa."

"Najua," akasema, na uso wake ulionyesha kwamba kweli anajua. Akatazama saa. "Una jambo jingine? Kama unalo, lifanye sasa."

Nilimwendea Mama Nafula. "Mama, funikeni!"

"Tufunike vipi na bado wanatoka?" akajibu bila kuinua kichwa. "Huyu Mdigo ametutania miaka yote. Leo ataondoka na karatasi yake ya kumbikumbi, ale huko Adeni."

"Mama, tazama juu."

Akatazama juu. Akatazama bendera yangu. Akaitazama Dakota, ngazi imewekwa tena mlangoni na watu wamesimama juu yake. Fimbo ikamdondoka.

"Wee! Hataenda?"

"Wasipoondoka hawa, haendi. Na mwakani haoni."

Nimefanya kazi na mabwana waliosomea uongozi ng'ambo, na hakuna aliyewahi kuamrisha kama Mama Nafula alivyoamrisha asubuhi ile. Gunia la kwanza likaja, la pili, blanketi, leso mbili zilizotoka mabegani, halafu matope ya mvua yaliyosombwa kwa mikono na kushindiliwa kwenye kila ufa. Nyumbani ndivyo tunavyofunika kichuguu, tukaacha tundu moja la kutegea chungu. Safari hii hatukuacha tundu. Ule moshi ukakatika.

Lakini ndege hawakuondoka. Walikuwa wamekwisha kuonja.

"Vichuguu vya kule chini," nikasema, "nje ya ua, kwenye mteremko wa kwenda mikokoni. Viko vitatu."

"Mbali," akasema Mama Nafula. "Tutafika saa ngapi?"

Bwana Mnara alifungua mlango wa nyuma wa Landrova. Kina mama wakapanda, wenye fimbo, wenye matope mpaka viwikoni, wakakaa juu ya kiti chake cha ngozi, na gari likateremka likirukaruka nao wakiimba ule ule wimbo wao. Sikupata kumwona Mzungu yule akiendesha namna ile kabla wala baada. Baada ya muda nikausikia mdundo tena, sasa kutoka mbali, chini, upande wa maji. Nikaomba. Nikachungulia kwa kile kioo kimoja kizima. Moshi ukapanda kutoka kichuguu cha kwanza, mwembamba, kisha mnene. Kisha wa pili.

Kambu mmoja akageuka. Wakageuka wawili. Hapo ndipo nikazunguka, polepole, kama nilivyofundishwa, nikawawekea upepo mbele na mlango wazi upande wa maji, ndipo nikalipiga debe. Nililipiga mpaka fimbo ikapasuka. Wakainuka wote pamoja kutoka barabarani, nikaona kama kwamba kipande cha anga kimechanika na kupeperuka kwenda mikokoni.

Nikapandisha bendera nyeupe. Niliipeperusha hivi kwamba nasikia rubani aliuliza mnarani kama ule ni upepo mpya.

Dakota ilipita mbele yangu ikinguruma, ikanyanyua mkia, ikanyanyuka. Nilitafuta kanzu nyeupe katika vioo vyake. Zilikuwa zote nyeupe. Wasindikizaji walikuwa wakipiga takbiri. Kule mteremkoni kina mama walikuwa wakipiga vigelegele, wameacha vichuguu, kumbikumbi wanajiendea. Nilitazama saa ya Bwana Mnara aliporudi. Hatukuwa na akiba kubwa. Akafuta matope kwenye kiti chake kwa leso yake mwenyewe, akapanda mnarani, na kesho yake niliikuta bastola ya fataki kwenye kabati letu bila kuiomba.

Mzee Bakari alirudi wakati kusi imeshatulia. Alikuja Port Reitz kwa miguu yake kutoka stendi, Alhaji sasa, ndevu amezitia hina, akimshika mjukuu wake bega. Alinijua kwa salamu yangu. Alimletea Mama Nafula tende, na Mama Nafula akampa karatasi ya kumbikumbi iliyofungwa vizuri, aliyoihifadhi tangu siku ile. Alhaji akainusa, akacheka mpaka akatoa machozi, akanikabidhi mimi.

"Kaaba uliiona?" nikamuuliza.

"Niliiona. Kwa jicho hili." Akaligusa. "Nyeusi, kubwa kuliko nilivyodhani, na watu kama maji. Niliiona, alhamdulillahi." Akakaa juu ya debe. "Lakini nina jambo la kikazi la kukwambia."

Akanisimulia. Walikuwa Mina, katika mahema, joto la kukaanga. Akasikia mluzi wenye maji ndani yake, juu, juu sana. Keremu. Akawaambia wenzake, hao ni wa kwetu, wamepita Likoni. Wakadhani jua limempata. Jioni, kitu kikatua kwenye kamba ya hema, karibu naye kiasi cha kukiona. Buluu.

"Kambu!" nikasema.

"Kambu, wallahi. Amechoka, mdomo wazi. Na mimi, mwanangu, miaka yote hii, unajua mikono yangu. Ikanyanyuka yenyewe. Nilikuwa karibu kumpigia makofi aende zake. Mzee mmoja wa Lamu akanidaka viganja viwili hivi, akaviminya. Akaniambia, Bakari, wafanya nini? Hapa ni ardhi takatifu ya Haramu. Hapa ndege hafukuzwi."

Upande wa barabara kunguru walikuwa wametua, nami sikuinuka.

"Nilikaa nikamtazama mpaka akaondoka kwa hiari yake," akasema. "Sijapata kumtazama ndege bila kungoja aondoke. Debe ni lako sasa."

Hakurudi kazini. Nililipiga debe mimi, na kijana mwingine wa Rabai akaja nikamfundisha kuzunguka kabla ya kupiga. Uhuru ukafika, fataki zikapigwa mji mzima, na mimi niliyezifungia kabatini nilikuwa mtu pekee niliyezihesabu kwa masikitiko. Siku chache baadaye nikasikia viwanja vipya vinatafuta watu bara, kaskazini, kokote. Miguu yangu ilikuwa imeshajibu kabla sijaulizwa.

Alhaji alivuka feri akaja kuniaga stesheni ya Changamwe. Jicho la pili lilikuwa limefunga. Tulisimama kwenye jukwaa na sanduku lile lile la bati, na treni imeshapiga king'ora kule kwenye kona.

"Wamerudi?" akaniuliza.

Nikatazama juu. Kambu mmoja alikuwa amekaa kwenye waya wa simu, wa kwanza kumwona tangu masika yale, manyoya yamefifia kwa safari.

"Yuko mmoja, Alhaji. Juu yetu hapa."

Sijui nilikuwa nawaza nini. Nilikuwa siwazi. Niliweka sanduku chini, na mikono yangu ikaanza kunyanyuka. Labda alisikia sanduku lilivyogonga saruji, labda alinijua tu. Akapapasa hewani, akanishika viganja viwili, akaviminya.

"Mwache," akasema. "Leo huna eropleni."

Treni ikaingia kwa moshi na kelele zake zote. Nikapanda, nikafungua dirisha. Alhaji alikuwa amesimama pale pale, uso ameuinua kwenye waya, na kambu naye alikuwa bado amekaa.